Tiba Mbadala ya Nikotini kwa Wajawazito Wanaoacha Sigara
Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi inayompunguzia mtoto aliye tumboni oksijeni. Huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti, kuwa na uzito pungufu au kufia tumboni. Msingi wa kuacha ni ushauri nasaha. Nchini Uingereza, pamoja na ushauri huo, mjamzito anaweza kupewa vibandiko au chingamu za nikotini, ambazo hupunguza hamu ya sigara bila kutoa moshi wala gesi hiyo. Kibandiko hubanduliwa kabla ya kulala. Vidonge vya vareniklini na bupropioni havipendekezwi kwa wajawazito. Mjamzito amwone kwanza mkunga au daktari. Kuacha sigara katika mwezi wowote wa ujauzito humnufaisha mama na mtoto.