Nyumba Zilizovuka Bahari

Mafundi seremala wa Kyoto waliofika Boston, Marekani, mwaka 1979 hawakuja kujenga nyumba mpya. Nyumba yao ilikuwa imesafirishwa kutoka Japani ikiwa vipande: nguzo, boriti na milango ya kusukuma pembeni, vyote vya nyumba ya zamani ya ghorofa iliyokuwa ya mfanyabiashara wa hariri. Kazi yao ilikuwa kuiunganisha upya, kiungo kwa kiungo, ndani ya lililokuwa ghala la sufu kando ya maji. Ndiko Jumba la Makumbusho la Watoto la Boston lilikokuwa likihamia mwaka huo.

Nyumba ilikuwa zawadi ya Kyoto. Majiji hayo mawili yalifunga udugu mwaka 1959, na watu wa Kyoto walitaka watoto wa Boston waingie ndani ya maisha ya Kijapani kwa miguu yao wenyewe. Zawadi hiyo ilipokelewa na jumba ambalo kwa zaidi ya nusu karne lilikuwa likitafuta njia ya kumfundisha mtoto juu ya watu asiowajua, na njia hiyo haikupatikana kwa urahisi.

Makumbusho hayo yalianzishwa mwaka 1913 na walimu wa sayansi walioamini kwamba mtoto huelewa zaidi akikiona kitu chenyewe kuliko akisoma habari zake. Imani hiyo ilikutana na Japani mwaka 1927, katika kisa cha wanasesere.

Miaka mitatu kabla, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria iliyowafungia Wajapani mlango wa kuhamia nchini humo. Sidney Gulick, mmisionari aliyeishi Japani kwa miaka mingi, aliumizwa na uhasama ule akaamua kuanza na watoto. Kamati yake ilikusanya wanasesere zaidi ya 12,000 kutoka shule na makanisa ya Marekani, wakapelekwa Japani kwa ajili ya Hinamatsuri, sikukuu ya wasichana ya tarehe 3 Machi 1927. Upande wa Japani, mapokezi yaliongozwa na Shibusawa Eiichi, mfanyabiashara mashuhuri, na wasichana wa shule wakachangia sarafu ndogondogo ili kurudisha shukrani. Mwishoni mwa mwaka huohuo wanasesere 58 wakubwa, waliovishwa kimono za hariri na kupewa majina ya miji na majimbo ya Japani, waliwasili Marekani. Yule aliyeitwa Miss Kyoto alipelekwa Makumbusho ya Watoto ya Boston.

Dhamira ilikuwa njema, lakini somo lilikuwa na upungufu. Mwanasesere aliyevalishwa nguo za sherehe humwonyesha mtoto uzuri wa hariri. Hamwambii msichana wa Kyoto anakula nini asubuhi, analala wapi, anagombana na kaka yake juu ya nini. Vita kati ya Japani na Marekani vilipozuka, urafiki wa namna hiyo haukuwa na mizizi ya kutosha. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaondoa majumbani mwao watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, ikawaweka kambini. Huko Japani wanasesere wa Kimarekani waliitwa wa adui, wengi wakachomwa au kuvunjwavunjwa. Waliosalimika ni mia tatu na ushei, baadhi yao wakiwa wamefichwa na walimu waliokataa kuwaharibu.

Mabadiliko makubwa Boston yalianza mwaka 1962, Michael Spock alipochukua uongozi. Chini yake vitu vilitoka nyuma ya vioo na watoto wakaruhusiwa kushika, kufungua na kujaribu. Makumbusho pia yalitengeneza masanduku ya kufundishia yaliyopelekwa madarasani, na moja lilihusu familia ya Kijapani. Mwalimu ambaye hakuwahi kufika Tokyo aliweza kuwawekea wanafunzi wake mezani vitu vya nyumbani na kuwaacha wavitumie.

Kwa hiyo nyumba ya Kyoto iliposimama mwaka 1979, ilikuta mahali palipokwisha kujua namna ya kuitumia. Mtoto huvua viatu mlangoni kabla ya kupanda sakafu iliyoinuliwa. Chini ya nyayo zake anagusa mikeka ya tatami. Anatafuta kitanda asikione, halafu anaelezwa kwamba godoro la futoni hukunjwa asubuhi na kuwekwa kabatini, na chumba kilekile hugeuka pa kulia chakula na pa kukaa. Anauliza kwa nini, na swali hilo linampeleka mbali: kwenye viwanja vyembamba vya Kyoto na kwa wafumaji wa hariri. Mwalimu wa makumbusho hahitaji kuhubiri kuhusu heshima. Kuvua viatu kumekwisha kumfundisha mgeni kwamba nyumba hii ina wenyewe na ina taratibu zake.

Karibu na Boston, katika mji wa Salem, China ilipata nafasi kama hiyo. Makumbusho ya Peabody Essex yana asili katika chama cha manahodha kilichoundwa mwaka 1799, ambao walirudi na vitu kutoka bandari za mbali. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa bandari hizo. Meli za Salem zilileta Unguja kitambaa cha merikani na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi, na Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar mwaka 1837. Vitu walivyokusanya manahodha vilikuwa vya kushangaza macho, kama walivyokuwa wale wanasesere.

Mwaka 2003 makumbusho hayo yalifungua kitu cha aina nyingine kabisa: Yin Yu Tang, nyumba iliyojengwa yapata mwaka 1800 katika kijiji cha Huang Cun, jimbo la Anhui. Ukoo wa Huang uliishi humo kwa takriban karne mbili, katika vyumba 16 vya kulala vilivyozunguka ua wenye vidimbwi vya samaki. Mafundi wa Kichina na Kimarekani waliibomoa kwa uangalifu na kuiinua upya Salem. Wanaume wa eneo lile walikwenda kufanya biashara miji ya mbali wakiwa bado vijana, na waliobaki walingoja barua na fedha. Nyumba haikurudishwa katika sura ya siku za wafalme. Kipaza sauti cha enzi za Mao kimeachwa mahali pake, na mtoto akiinua macho anaona kwamba China nayo imebadilika, na kwamba mageuzi yaliingia hadi ndani ya nyumba za watu.

Hata hivyo, nyumba ya kale inaweza kuleta kosa jipya, la kumfanya mtoto adhani Wajapani wote bado wanaishi hivyo. Programu nyingi za utamaduni hukwama hapo: kofia ya karatasi iliyokunjwa, joka la Mwaka Mpya wa Kichina, chakula kidogo, basi. Makumbusho ya Boston yalikabili hatari hiyo mwaka 1992 kwa maonyesho ya Teen Tokyo, yaliyohusu vijana wa jiji la kisasa, muziki wao na mitindo yao. Baadaye yakaandaa mengine kuhusu watoto wa Hangzhou, jiji la China lenye udugu na Boston, ambamo vijana wa leo waliwaeleza wageni maisha yao, kuanzia shule hadi jikoni.

Nyumba ya mfanyabiashara wa hariri haikuondolewa kwa sababu ya maonyesho hayo, wala haikustahili kuondolewa. Mtoto anahitaji vyote viwili: sakafu ambayo mababu wa mwenzake waliikanyaga, na mwenzake huyo mwenyewe, mwenye mtihani wiki ijayo na wimbo anaoupenda.