Kuikusudia Dawa Upya

Nchi ya Masasi na Newala, pamoja na Chilangala na vijiji vingine vya uwanda wa juu wa Makonde, imeipa elimu ya tiba neno ambalo leo hutamkwa na matabibu wa Bara Hindi na Brazili, nao aghalabu hawajui lilikotoka. Mwaka 1952, na mwaka uliofuata, ilizuka huko homa iliyowashika watu viungo kwa maumivu makali hata wakashindwa kunyooka; na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, walipoiandikia habari zake mwaka 1955, hawakuitungia jina geni, bali walilitwaa lile lililosemwa na wenyeji, chikungunya, litokalo katika kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kukunjamana. Jina lilisafiri, dawa haikupatikana. Hata homa hiyo ilipokivamia kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, matabibu waliona heri kuijaribu klorokwini, dawa kongwe ya malaria. Wakawagawa wagonjwa mafungu mawili, hawa wakipewa klorokwini na hawa kidonge kitupu, ikabainika kwamba waliopewa dawa hawakupona upesi kuliko wenzao, na tena, miezi kadhaa baadaye, wao ndio waliozidi kulalamikia viungo.

Kitendo hicho, cha kuitwaa dawa iliyokwisha kutengenezwa kwa maradhi fulani na kuipima juu ya maradhi mengine, kina istilahi mashuhuri katika lugha za Ulaya, nasi bado twababaika. Wako wasemao "matumizi mapya ya dawa", lakini matumizi mapya ni hata jirani kumpa jirani vidonge vilivyosalia nyumbani, jambo ambalo kila tabibu hulikataza. Wako wapendao "kurejeleza", kitenzi kilichozoea chupa na makaratasi. "Kugeuza dawa" nako si sahihi, madhali dawa haikugeuka hata chembe, kilichogeuka ni kusudi lake. Kwa sababu hiyo naona istilahi ijengwe juu ya kusudi, tuseme "kuikusudia dawa upya", kwani penye kusudi pana mwenye kukusudia, naye hana budi kuuleta ushahidi, na ushahidi huo, kama mambo ya Réunion yanavyodhihirisha, una gharama zake hata pale jawabu linapokuwa "la".

Watu wa Mtwara, mkoa wenye Masasi na Newala, wamekwisha kuzimeza dawa za namna hiyo, wengi wao pasipo kuambiwa historia yake. Vidonge vya kingatiba ya matende na mabusha, mpango ambao Tanzania iliuanza mwaka 2000 kisiwani Mafia na kuueneza katika mikoa mingine, ni ivamektini na albendazoli, na zote mbili zilianza kazi kwa mifugo. Ivamektini ilitokana na kijidudu cha udongo wa Japani alichokipata Satoshi Ōmura. William Campbell na wenzake wa kampuni ya Merck wakaifanya dawa ya minyoo ya wanyama, ikaingia sokoni mwaka 1981 na kuleta faida kubwa. Mohammed Aziz, tabibu wa kampuni hiyo hiyo, alisimamia majaribio ya kwanza kwa wagonjwa wa usubi huko Senegali, na mwaka 1987 Merck ikatangaza kwamba itaitoa bure kwa kadiri itakavyohitajika. Matende yakaja kuongezwa baadaye. Kwa insafu yapasa tukiri kwamba sehemu kubwa ya gharama ilikuwa imekwisha kulipwa na wenye ng'ombe na kondoo.

Si kila dawa iliyobahatika hivyo. Eflonitini ilibuniwa kwa ajili ya saratani, haikufaulu, kisha ikaonekana kuwanyanyua wagonjwa mahututi wa malale ya Kongo na kaskazini-magharibi mwa Uganda. Marekani ikaipa idhini mwaka 1990, na miaka michache baadaye ikaachwa kutengenezwa, kwa kuwa waliokuwa wakiihitaji hawakuwa na cha kulipa. Kilichoirejesha ni soko la marhamu ya kupunguza nywele za uso kwa wanawake. Ndipo mwaka 2001 mtengenezaji akapatana na Shirika la Afya Duniani kuitoa bure kwa wenye malale. Hapa ndipo neno "ufadhili" linaponitia mashaka. Limetoka katika fadhila, na fadhila hutegemea ridhaa ya mtoaji, ambaye akigeuza uso hapana wa kumlaumu. Dawa ambayo hataza yake imekwisha, ikawa kila kiwanda chaweza kuitengeneza, haina tajiri atakayetoa mali yake kuipima upya. Kwa hiyo katika fasili ya istilahi yetu ningependa liandikwe "ugharamiaji", neno linalomtaka mtu aitwe kwa jina na kuulizwa deni lake.

Na istilahi "maradhi adimu", je, yatufaa? Sheria ya Marekani ya mwaka 1983 huyahesabu hivyo yakiwa na wagonjwa wasiofikia 200,000 nchini humo, na Ulaya yasipozidi watu 5 katika 10,000. Kwa kipimo hicho selimundu ni adimu kwao, ilhali kwetu yamejaa hospitali. Haidroksiyurea, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, ilikawia hata mwaka 2019 ndipo yalipochapishwa matokeo ya majaribio yake kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, yaliyoonyesha maumivu, malaria na vifo vikipungua. Hata baada ya ushahidi huo, mtoto anayeitumia hana budi kupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa dawa hiyo yaweza kuzipunguza chembe za damu kupita kiasi. Na kwa mzazi aishiye Chilangala, vipimo hivyo na nauli ya kuvifuata vyaweza kuzidi bei ya dawa yenyewe, navyo pia ni sehemu ya ugharamiaji.