Utundu wa Maabara na Maji ya Woodbury

Neno "mtundu" katika Kiswahili husifu na kulaumu. Mtoto mtundu hufungua redio ya babake hadi ikabaki vipandevipande. Fundi mtundu huikusanya redio hiyohiyo ikaimba tena. Mara nyingi fundi huyo ndiye mtoto yule aliyekua. Makala haya ni historia ya utundu katika kona moja ya Minnesota: jinsi kampuni iliyosifiwa dunia nzima kwa ubunifu ilivyotengeneza kemikali ambazo leo zimo katika visima vya Woodbury, na jinsi mabishano juu ya kemikali hizo yalivyotoka maabara yakaingia jikoni. Hoja yangu ni kwamba kwa karibu miaka hamsini watundu waliuliza kila siku, "Je, kinafanya kazi?" Swali la pili, "Kikishatumika kinakwenda wapi?", lilikosa mwenyewe, mpaka wanywaji wa maji walipolichukua.

Woodbury iko mashariki mwa Saint Paul, katika Kaunti ya Washington. Zamani ilikuwa mashamba. Sensa ya 2020 iliwakuta humo watu zaidi ya 75,000. Imepakana na Maplewood, yaliko makao makuu ya kampuni ya 3M. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1902 huko Two Harbors, kaskazini mwa jimbo, kwa ajili ya kuchimba jiwe gumu la kusagia. Jiwe lililopatikana halikufaa. Badala ya kufa, kampuni ikageukia kutengeneza msasa, na baada ya hapo haikuacha kujaribu hiki na kile. Mwaka 1925 Richard Drew alibuni utepe wa gundi kwa ajili ya wapaka rangi wa magari. Chini ya William McKnight ukazuka utaratibu wa kuwaachia wataalamu asilimia 15 ya muda wao wa kazi wafuate wazo lolote lililowawasha. Mwaka 1968 Spencer Silver alipata gundi dhaifu isiyokuwa na kazi. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry akaiona kazi yake, na kufikia 1980 vikaratasi vya njano vya kubandika vilikuwa vinauzwa Marekani nzima. Nani kati yetu hajavibandika kwenye kamusi yake?

Katika utamaduni huo ndipo alipoingia Patsy Sherman, mzaliwa wa Minneapolis, wakati ambapo wanawake wakemia walikuwa wachache mno. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, 3M ilikuwa imejipatia mbinu ya kuunganisha kaboni na florini kwa kutumia umeme. Mwaka 1953 tone la mpira wa majimaji uliotengenezwa kwa kemikali hizo lilidondokea raba ya msaidizi wa maabara. Walijaribu kulisafisha kwa maji, kwa sabuni na kwa vimumunyisho, lakini halikutoka. Tena sehemu ile ya kiatu haikushika uchafu. Mtu mwingine angekasirikia kiatu. Sherman na mwenzake Samuel Smith walikifanyia utafiti, na mwaka 1956 Scotchgard, dawa ya kukinga vitambaa dhidi ya madoa, ikaingia sokoni.

Siri ya dawa hiyo ilikuwa kifungo kati ya kaboni na florini, kimojawapo kati ya vifungo vikali kuliko vyote katika kemia. Joto haliuvunji kirahisi mnyororo huo wa kemikali. Maji na mafuta hayaushiki, wala bakteria hawauli. Kwa hiyo familia hii ya kemikali, inayoitwa leo PFAS, ikapata kazi kila mahali: mazulia, makoti ya mvua, karatasi za kufungia chakula, povu la kuzimia moto, vikaango visivyogandisha. Lakini sifa iliyoipa bei ndiyo iliyoifanya iwe balaa, kwa kuwa kitu kisichooza kwenye zulia hakiozi kwenye udongo pia.

Kiwanda kilikuwa Cottage Grove, kusini mwa Woodbury. Taka zake zilipelekwa sehemu nne zinazotajwa mpaka leo katika kumbukumbu za jimbo: Oakdale, Lake Elmo, Cottage Grove penyewe, na Woodbury, ambako zilimwagwa katika miaka ya 1960. Utupaji wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida enzi hizo. Viwanda vingi vilichimba shimo na kufukia. Tatizo ni kwamba chini ya udongo wa eneo hili kuna miamba yenye nyufa, na ndani ya miamba hiyo ndimo yalimo maji ambayo miji inayavuta kwa visima.

Dalili za kwanza hazikutoka kwenye maji bali kwenye damu. Mwaka 1968 Donald Taves wa Chuo Kikuu cha Rochester alionyesha kwamba katika damu ya binadamu kuna florini ya aina mbili, na mojawapo haikutokana na maji ya kawaida. Katika miaka ya 1970 yeye na Warren Guy walianza kushuku bidhaa za viwandani. Mwaka 1997 mkemia wa 3M, Kris Hansen, aliombwa athibitishe matokeo ya maabara ya nje, iliyodai kuikuta PFOS, mojawapo ya kemikali hizo, katika damu iliyotolewa na raia wa kawaida. Wakubwa walidhani mashine imekosea. Akarudia, akabadilisha vifaa, akarudia tena; PFOS ilikuwepo. Miongoni mwa sampuli chache zisizokuwa nayo ilikuwamo damu ya askari iliyohifadhiwa tangu mwanzoni mwa Vita vya Korea, kabla Scotchgard haijauzwa. Habari hii aliisimulia hadharani mwaka 2024. Kampuni ilishikilia kwamba kuwapo kwa kemikali mwilini si ushahidi wa madhara. Hata hivyo, mwezi Mei 2000 ilitangaza kuacha kutengeneza PFOS na ndugu yake PFOA.

Maji yalifuata. Mwaka 2004 kemikali hizi zilipatikana katika visima vya Oakdale na Lake Elmo, na kufikia 2007 aina nyingine, PFBA, ilikuwa imeonekana katika visima vya kusini mwa kaunti, Woodbury ikiwemo. Hapo yakaanza mabishano ambayo mkazi yeyote wa siku nyingi anayafahamu: je, kiasi gani ni kingi?

Tazama tarakimu zenyewe. Mwaka 2002 Idara ya Afya ya Minnesota ilipendekeza kikomo cha PFOA katika maji ya kunywa kiwe sehemu 7,000 katika trilioni. Mwaka 2009 kikomo kikawa 300. Mwaka 2017 kikawa 35. Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ikaweka 4. Sehemu moja katika trilioni ni kama sekunde moja katika miaka zaidi ya 31,000. Mwenye kubeza husema, "Hawa wataalamu hawajui wanalosema, kila siku namba mpya." Mwenye hofu husema, "Kumbe walitudanganya tangu mwanzo." Nadhani wote wawili wanaisoma historia hii vibaya. Namba ilishuka kwa sababu mashine zilizidi kuona, na kwa sababu swali lenyewe lilibadilika. Mahesabu ya 2017, kwa mfano, yalimtazama mtoto mchanga, anayezipokea kemikali hizi kwa mama kupitia kondo la nyuma na maziwa. Kumbe mwenye kikombe kinachopimwa alikuwa amebadilika: awali alikuwa mtu mzima, sasa ni mtoto anayenyonya.

Mwaka huohuo wa 2017 baadhi ya visima vya Woodbury vilijikuta juu ya kikomo kipya bila maji yake kubadilika hata tone. Mji ulivifunga baadhi, na mwaka 2020 ukajenga mtambo wa muda wa kusafisha maji. Ndani ya mitambo ya aina hii kuna matangi makubwa yaliyojazwa punje za mkaa uliotayarishwa ili uwe na vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Maji hupita, kemikali hunasa. Kemia iliyoitwa ya kisasa kuliko zote inadhibitiwa kwa mkaa.

Sisi tunaotoka Afrika Mashariki, au tunaojifunza lugha yake, tuna la kuzingatia hapa. Bibi zetu walitufundisha kuchemsha maji, na walikuwa sahihi: kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini PFAS haiuliwi na moto wa jikoni. Ukiyachemsha maji sana, mvuke huondoka na kemikali hubaki, hivyo sufuria inabaki na maji machache yenye kemikali ileile. Mtu anaweza kuwa na elimu nzuri ya afya kutoka nyumbani na bado akakosea hapa, kwa kuwa adui ni mwingine. Kinachosaidia ni chujio lililothibitishwa kwa ajili ya kemikali hizi, la mkaa au la utando mwembamba sana.

Mabishano yakafika mahakamani. Mwishoni mwa 2010 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Lori Swanson, aliishtaki 3M. Tarehe 20 Februari 2018, siku ambayo kesi ilikuwa ianze kusikilizwa, pande mbili zilipatana: dola milioni 850, bila kampuni kukiri kosa. Majuma machache kabla ya hapo Idara ya Afya ilikuwa imetoa ripoti iliyosema kwamba haikuona saratani wala matatizo ya uzazi kupita kiasi katika eneo hilo. Mtaalamu wa upande wa jimbo katika kesi, David Sunding, alisema kinyume. Mwaka 2020 utafiti uliochapishwa naye pamoja na wenzake ulilinganisha Oakdale kabla na baada ya maji yake kuanza kuchujwa mwishoni mwa 2006, ukakuta kwamba uzito wa watoto waliozaliwa na hali ya uzazi ziliboreka baada ya chujio. Msomaji makini atakumbuka kwamba Sunding alikuwa shahidi wa upande mmoja. Atakumbuka pia kwamba ripoti ya idara ilitazama eneo pana, ambamo madhara ya mji mmoja yanaweza kumezwa na wastani. Yote mawili ni kweli, na yote mawili lazima yasemwe.

Kisha akatokea Amara Strande, msichana wa Woodbury aliyesoma sekondari Oakdale. Akiwa na miaka 15 aligunduliwa kuwa na saratani adimu ya ini. Mwanzoni mwa 2023, sauti ikiwa dhaifu kwa maradhi, alikwenda mbele ya wabunge wa jimbo kuomba sheria dhidi ya PFAS. Alifariki tarehe 14 Aprili 2023, siku chache kabla ya kutimiza miaka 21. Sayansi haiwezi kuchukua saratani ya mtu mmoja na kusema, hii imetokana na kisima kile. Wapinzani wa sheria waliweza kusema hivyo bila kusema uongo. Lakini bunge halikuwa mahakama. Halikuulizwa nani alaumiwe, liliulizwa kama kemikali hizo ziendelee kuuzwa. Mwezi Mei sheria ilitiwa saini, nayo hujulikana kwa jina lake. Tangu tarehe 1 Januari 2025 imepiga marufuku bidhaa za aina 11 zilizotiwa PFAS kwa makusudi, vikiwemo vikaango, na ifikapo 2032 itagusa karibu kila kitu isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine. Watengenezaji wa vikaango wamepinga. Wapo wanaouliza itakuwaje kwa vifaa vya hospitali vinavyotegemea kemikali hizi. Hilo ni swali halali, na sheria imeviondoa vifaa vya tiba katika marufuku hiyo. Kampuni ya 3M yenyewe ilitangaza mwishoni mwa 2022 kwamba itaacha kutengeneza PFAS kufikia mwisho wa 2025.

Historia hii si ya Minnesota peke yake. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kuacha risasi, yaani madini ya ledi, katika miili ya watoto wa kitongoji. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, alimpima mwanawe damu, akaikuta sumu, akaanza kuuliza maswali. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha tuzo hiyo baada ya rufaa kuivuruga. Hapa palikuwa na maabara tajiri na pale hapakuwa nayo. Lakini kote kuwili swali la pili liliulizwa na mzazi au mgonjwa kabla ya mwenye mtambo.

Nina pendekezo moja kwa chama chetu. Magazeti ya Marekani huziita PFAS kwa jina linalotafsirika "kemikali za milele". Tafsiri hiyo siipendi. Kwa Mswahili, milele ni neno la ibada, la uzima au mateso yasiyo na mwisho, na mbele ya milele mtu hupiga magoti tu. Lugha yetu ina neno "sugu": tunasema malaria sugu, mdaiwa sugu. Kilicho sugu ni kigumu, kinataka dawa nyingine na uvumilivu mrefu, lakini kinakabilika. Tuziite kemikali sugu. Halafu, shangazi wa mtu atakapopiga simu kutoka Woodbury akiuliza kama kuchemsha maji kunatosha, awepo mwanachama wa kumjibu kwa Kiswahili kinachoeleweka: hapana, shangazi, hii inataka chujio.