Mzunguko wa Vizazi au Mzunguko wa Msimu? Kahawa na Siasa ya Bei Nkwenda

Wazo kwamba historia huenda kwa mizunguko ya vizazi ni la siku nyingi. Ibn Khaldun, katika Muqaddimah ya mwaka 1377, alishikilia kuwa dola kwa kawaida haivuki vizazi vitatu: waasisi huunganishwa na shida, watoto wao huuona mshikamano huo kwa macho, wajukuu huusikia tu hadi ukawaponyoka. Mwishoni mwa karne iliyopita, Wamarekani William Strauss na Neil Howe waliligeuza wazo hilo kuwa ratiba ya miaka themanini hivi kutoka msukosuko mmoja hadi mwingine. Makala haya yanalipima kwa kahawa ya Nkwenda, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, na kujenga hoja kwamba kinachojirudia huko hakiletwi na kupokezana kwa vizazi.

Kwa mbali, soko la kahawa la Kagera linaonekana kuzunguka kweli. Chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilianza mwaka 1950. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu nchini kote, na mamlaka ya zao ikashika ununuzi. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Karagwe, ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, ikapata chama chake, KDCU, mwaka 1990. Kuanzia 1994 wanunuzi binafsi wakaingia vijijini. Mwaka 2018 wakaondolewa, kahawa ikarudi kwa vyama vya msingi, yaani AMCOS.

Lakini vipindi hivyo havilingani: tangu 1976, miaka 6, kisha 12, kisha 24. Mkulima aliyezaliwa mwaka 1950 ameishi chini ya mifumo yote, na mbuni wa robusta, unaozaa kwa miongo kadhaa ukitunzwa, unaweza kupandwa chini ya sera moja na kuchumwa chini ya nyingine tatu. Tena, mageuzi ya 1994 hayakusubiri waasisi wa ushirika wafe. Yalisukumwa na madeni ya vyama, masharti ya wafadhili na kuvunjika kwa mgawo wa kimataifa wa kahawa mwaka 1989.

Karl Mannheim, katika insha yake ya 1928, anatusaidia zaidi: kizazi hufanywa na tukio linalowakuta watu wakiwa vijana, si na umri peke yake. Aliyeuza gunia lake la kwanza la kahawa ya maganda mwaka 1994, baridi ya Brazili ilipopandisha bei duniani, alijifunza kwamba mnunuzi binafsi ni mkombozi. Mdogo wake aliyeanza mwaka 2001, bei ilipoporomoka vibaya, alijifunza kinyume chake. Ni watoto wa baba mmoja, lakini kisiasa ni vizazi viwili.

Kilichodumu chini ya mifumo yote ni pengo la miezi. Shule hufunguliwa Januari, msimu wa kahawa hufunguliwa Mei. Katikati, sare, michango, mgonjwa na chakula havingoji. Hapo ndipo butura hushika: mkulima huuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei ya chini sana. Mei ikifika, mavuno si yake tena. Marufuku za viongozi hazijaizima, kwa sababu zinamkabili mnunuzi na kuliacha hitaji la Januari pale pale. Hata kahawa iliyosalia ina njia nyingine: Murongo iko mpakani, na bei ya Uganda ikizidi, magendo huvuka.

Inaweza kupingwa kwamba vizazi vina uzito wao kupitia ardhi. Ni kweli: kibanja, yaani shamba la familia, kinapogawanywa kwa wana, kila mmoja hubaki na mibuni michache zaidi, na mwenye mibuni michache ndiye wa kwanza kuingia butura. Lakini huko ni kupungua kwa mfululizo. Hakuna kizazi kinachorejeshewa alichokuwa nacho babu.

Kwa hiyo anayetabiri siasa ya kahawa kwa kuhesabu umri wa wapiga kura atakosea. Mjadala wa ushirika dhidi ya soko huria umeendeshwa kwa miongo kana kwamba swali ni nani anunue, ilhali swali ni lini mkulima alipwe. Chama cha msingi kitakachompa mkulima malipo ya awali mwezi Januari, kwa dhamana ya mavuno yake, kitafanya kazi ambayo ushirika wa lazima na soko huria vyote vimeshindwa kuifanya.