Madaraja ya Ntahangwa na Lugha ya Tahadhari: Kiswahili katika Huduma za Umma Bujumbura

Wajerumani walioanzisha kituo cha kijeshi cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19 walikitegemea Kiswahili katika utawala wao. Wabelgiji, waliouteka mji mwaka 1916, walikipa kipaumbele Kifaransa. Kiswahili kikaendelea kuishi Buyenzi, sokoni, misikitini na majumbani. Mwaka 2014 Kiingereza kiliungana na Kirundi na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Kiswahili hakikuwa miongoni mwao. Suala hili si la heshima ya lugha pekee. Mto Ntahangwa, upitao kando ya Buyenzi, humega kingo zake wakati wa mvua na kutishia nyumba na madaraja. Tunapendekeza tahadhari za mafuriko na fomu za manispaa zitolewe pia kwa Kiswahili, kwani mkazi aonywaye kwa lugha aliyoizoea huwahi kujiokoa.