Tarehe ya Uraka katika Uwanda wa Makonde

Uraka ni pombe itokanayo na maji ya bibo, yaani ile sehemu nene na laini ya tunda la mkorosho ambayo korosho huning'inia nchani mwake, na hapana mahali ambapo utengenezaji wake umepata heshima kama Newala, juu ya Uwanda wa Makonde. Masasi nako hukamuliwa.

Mkorosho asili yake ni Brazil, nao uliletwa na Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, lakini ulienea sana uwandani katika karne ya 20, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakulima walipoupanda katikati ya muhogo na mtama. Mchanga wa Newala hunywa mvua mara moja na kuipeleka chini sana, ndiyo maana wanawake wa zamani walilazimika kuteremka mabondeni kutafuta maji, jambo ambalo Mjerumani Karl Weule aliliandika baada ya kufika huko mwaka 1906. Mti wenye mizizi mirefu kama mkorosho haukuona taabu hiyo.

Wapo wasemao kwamba ufundi wa uraka ulivuka mto Ruvuma kutoka Mueda, upande wa Msumbiji. Dai hilo halina uzito, kwa kuwa Wamakonde wa ng'ambo zote mbili ni watu wamoja, na mto haujawahi kuzuia mbegu wala kinu. Dai la Masasi kuwa mji mkubwa kwa sababu misheni yake iliasisiwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaweka hapo watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, ni dai jingine la kupimwa kwa makini, kwani Wangoni walipoishambulia Masasi mwaka 1882, Padre Chauncy Maples alihamia Newala, katika nchi ya Matola, jumbe wa Kiyao ambaye jina lake lilijulikana kotekote kusini. Kanisa la Masasi, basi, lina deni kwa Newala, na ukubwa wa kanisa si ukubwa wa bibo.

Msimu huanza Septemba na kuendelea hadi Desemba. Mabibo, mekundu na ya njano, huokotwa asubuhi chini ya mti, korosho zikanyofolewa na kuwekwa kando zisubiri mnada wa chama cha msingi, ambao malipo yake huchelewa, ilhali uraka huleta fedha mkononi siku ileile unaponyweka. Mabibo hupondwa kinuni, yakakamuliwa, na maji yake yakachujwa na kuachwa katika mtungi au ndoo. Hamira haiongezwi, kwa kuwa chachu, yaani vijidudu vigeuzavyo sukari kuwa kileo, imo tayari katika ganda la bibo, na baada ya usiku mmoja povu huwa limekwisha kupanda.

Utamu hutangulia mdomoni, kisha hufuata ukakasi unaobana ulimi na ufizi. Ukakasi huo husababishwa na tanini, aina ileile ya kemikali ambayo katika mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hutoka katika maganda na kokwa za zabibu. Tofauti ni kwamba Mfaransa huuweka mvinyo wake miaka katika pipa na chupa hadi ukakasi ulainike, ilhali uraka uliolala siku mbili tatu ni siki, na mnywaji wa Newala haoni sababu ya kusubiri. Kama vile watu wa Bordeaux wanavyounywa mvinyo huo pamoja na nyama ya kondoo, kwa kuwa mafuta na protini ya nyama hupunguza kubana kwa tanini, ndivyo uraka unavyopendeza kwa samaki nchanga, yaani panya wa porini aliyebanikwa hadi mafuta yakachuruzika. Ming'oko, viazi vya mwituni vinavyochemshwa, hufaa pia, ingawa haviufikii ukakasi kama nyama inavyoufikia.

Uraka usichanganywe na gongo. Mabibo yaliyokaushwa juani huitwa kochoko, nayo huwekwa hadi msimu umalizike, kisha hulowekwa, yakachachuka na kuchemshwa ili mvuke wake unaswe katika bomba na kuwa gongo, yaani pombe kali; sheria ya mwaka 1966 imeipiga marufuku kazi hiyo isipokuwa kwa leseni, lakini uraka, usiopitia jiko wala bomba, haukuguswa na marufuku hiyo.