Changamwe Katika Ramani: Nani Alichorwa, Nani Aliachwa?

Ndugu msomaji, ukimwuliza kijana wa leo Changamwe ni nini, atakwambia ni rifainari, uwanja wa ndege, malori na makontena. Hajasema uongo. Lakini jina Changamwe ni kongwe kuliko hivyo vyote. Wachangamwe ni moja katika Thelatha Taifa, pamoja na Wakilindini na Watangana. Ukiwajumlisha na Tisa Taifa, ambamo wamo jirani zetu Wajomvu, unapata Miji Kumi na Miwili ya Mombasa. Basi ilikuwaje mahali pa watu pakawa, kwenye karatasi, mahali pa mitambo? Tufuate ramani, moja baada ya nyingine.

Ramani za mabaharia

Wareno walipoichora Mombasa karne ya 17, macho yao yalikuwa kisiwani: Ngome, mlango wa bahari, na vijingome vya Makupa vilivyolinda kivuko cha kwenda bara.

Mwaka 1824 Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliiweka Mombasa chini ya bendera yao, na hali hiyo ikadumu mpaka 1826. Mabaharia wake walikuwa wakipima pwani yetu na vina vya maji. Luteni Reitz, aliyeachwa kuwa msimamizi, alifariki mwaka huohuo wa 1824, na ghuba ya kusini mwa Changamwe ikaitwa Port Reitz. Tazama mambo hayo! Mgeni wa miezi michache, na jina lake makanga wa matatu wanaliita mpaka leo. Ramani ya baharia humwonyesha nahodha pa kutia nanga. Visima na makaburi ya watu si shughuli yake.

Mstari wa reli

Mwaka 1896 reli ya Uganda ilianza kutandazwa kutoka Mombasa. Ilivuka maji ya Makupa kwa daraja, ikapanda Changamwe, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Victoria. Sasa ramani ikawa na mstari na stesheni. Mwaka 1929 likafunguliwa tuta la Makupa, bara na kisiwa vikashikana, na barabara nayo ikaanza kuvuta nyumba upande wake. Tuta hilo limedumu hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022.

Ramani ya 1908

Hapa, vijana wenzangu, tutue kidogo, maana ndipo penye kiini. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye madai alitakiwa ayapeleke kwa msajili. Aliyekubaliwa alipimiwa, akachorewa mipaka, akapewa hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Sasa fikiria mtu aliyerithi shamba kwa mababu, ushahidi wake ni mnazi, kisima na ushuhuda wa majirani. Hajui kusoma Kiingereza, pengine hata habari haikumfikia. Hakuhama, hakuuza, lakini kwenye ramani mpya hayupo. Mpaka hivi leo ukitazama hati za Changamwe utaona MN/VI. MN ni Mombasa bara upande wa kaskazini, na VI ni sehemu ya Changamwe. Alama hizo zimetoka kwenye usajili ule. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2012, lakini matokeo yake hayakufutika. Ndiyo sababu Mombasa utamkuta mtu ana nyumba yake lakini ardhi si yake, na analipa kodi ya kiwanja kila mwezi akiogopa siku ya kuambiwa ahame.

Mitambo yajaza karatasi

Baada ya hapo ramani ilijaa haraka. Uwanja wa ndege wa Port Reitz, uliotumiwa na wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ulipanuliwa mwaka 1979. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1963, na kikaacha kusafisha mwaka 2013. Bandari ikaenea upande wa Kipevu, na mwaka 2017 reli mpya ikafika Miritini. Makaazi ya watu, Chaani, Magongo, Migadini, Mikindani, yakawa yanajibana katikati ya nyua na mabomba.

Sote twala riziki kwa bandari na viwanda hivyo, hatukatai. Ila kila ramani ilichorwa kwa haja ya mchoraji: nanga, reli, kodi, mafuta. Kisichochorwa huhesabiwa hakipo, na siku ya kuja tingatinga hakina mtetezi.

Tufanye nini?

Mwezi huu, baina ya Alasiri na futari, vijana wakae na wazee. Waulize: msikiti wa kwanza ulikuwa wapi? Kisima je? Makaburi yaliishia wapi? Tembeeni nao, mtie alama kwa simu, mwandike majina ya zamani ya mitaa. Kisha linganisheni na ramani za Idara ya Upimaji. Msikiti au makaburi yaliyowekwa wakfu yakiwa hayana karatasi, ulizeni kwa Kamisheni ya Wakfu Mombasa mapema, kabla mtu hajazungusha ukuta.

Wazee wetu walikuwa na ramani, ila waliibeba kichwani. Kila jeneza tunalolisindikiza huenda na kipande chake. Tuiandike wangali nasi.

Ramadhan Karim.